Maiki ya Mwenyekiti

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na ningefurahi kuisahau, maana kila ikinirudia napandwa na hasira kana kwamba ni ya juzi. Umekuja hapa kwangu Kabiro, umekunywa chai yangu, umeniuliza kwa sauti ya upole mbona watu hawakichangii kikundi chenu. Nitakujibu, Felix, lakini usitarajie nikubembeleze. Niliwaona kwenye simu ya jirani yangu wiki iliyopita, mkiomba watu wawasaidie mpate chumba cha watoto kule Kibera. Nilikuona wewe mwanzo, wewe katikati na wewe mwisho. Na yule msichana wenu Shiru, ambaye akifungua mdomo hata mgonjwa anacheka, nilimwona pembeni ameshika taa ikumulike wewe uso. Nilimrudishia jirani simu yake haraka kabla sijaitupa ukutani.

Sasa kaa vizuri. Hiyo simu yako iweke mfukoni, haitakimbia.

Wakati ule nilikuwa mama kijana, nikiishi Kibera na kuwafulia watu nguo kwenye mitaa yenye mageti. Binti yangu Mwende alikuwa ameanza tu kuongea vizuri. Asubuhi nilikuwa nikimpeleka kwenye chumba kimoja cha mabati ambapo mama mzee kutoka Machakos alikuwa akiwalea watoto wetu sisi tuliotoka kwenda vibarua. Watoto wote walimwita Susu, kama Wakamba tunavyoita nyanya, hata watoto wa Kiluhya na wa Kijaluo. Kwa Susu mtoto alikunywa uji, alilala mchana, na alipigwa kofi la matako akimuuma mwenzake. Ukirudi jioni unamkuta mtoto wako ana tope, yuko hai, na ana hadithi za kukuambia. Ni nani asiye na mtoto anayeweza kuelewa raha hiyo?

Kisha mwenye ploti akaiuza. Mwenye ploti mpya akatuambia tuondoke mwezi ukiisha, anajenga vibanda vya biashara. Hakututukana, hakutupiga, alisema tu tuondoke. Kanisa moja hapo Kibera likatuonea huruma, likatupa kipande cha uwanja wake wa nyuma. Uwanja tulikuwa nao, basi, lakini mabati, mbao na misumari hatukuwa navyo. Na kila mama alijua kitakachotokea tukikosa. Mama akikosa pa kumwacha mtoto na kazi inamngoja, anamfungia ndani. Anamwachia uji kwenye kikombe, anafunga kufuli nje, anaondoka haraka asisikie akilia. Usimhukumu mama huyo, wewe ambaye hujawahi kuchagua kati ya kufuli na njaa.

Tulikuwa na kamati, na mwenyekiti wetu alikuwa Josphat, kijana wa kwetu Kitui aliyekuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nitakuambia ukweli juu ya Josphat ingawa bado ananikera. Alikuwa na kipawa ambacho sijawahi kukiona kwa mtu mwingine: alijua kukumbusha watu. Mtu akimwahidi kitu Jumatatu, Jumatano Josphat yuko mlangoni kwake anamsalimia, anauliza mtoto aliyekuwa na homa anaendeleaje, na kabla hajaondoka yule mtu ameshasema, aki Josphat, ile kitu sijasahau. Hakuwa akisumbua watu. Walimpenda. Wafanyabiashara wa soko la Kawangware walikuwa wakimwona anakuja na wanatabasamu huku wanashika mifuko yao.

Na tulikuwa na Achieng. Achieng aliuza samaki wa kukaanga, na alikuwa mnadi wetu wa jogoo. Ninyi vijana wa siku hizi mnachanga kwa simu, labda hujawahi kuona mnada wa jogoo ukiendeshwa na mtu anayeujua. Kuku analetwa kwenye harambee, anatangazwa, watu wanapandishiana bei. Aliyeshinda analipa, kisha anamrudisha kuku auzwe tena. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa tangu ibada inaisha mpaka jua linashuka, na jioni arudi nyumbani mzima, ameshiba mahindi ya wageni. Lakini jogoo hauziki mwenyewe, anauzwa na mdomo. Achieng angemweka kwapani, azunguke naye kati ya viti, aseme, "Waluhya mko wapi? Kuku anapita mbele yenu na mmenyamaza, ni nini, mko matangani? Wakamba hapa wanasema wanampeleka Machakos, na mnaangalia tu?" Watu wangecheka mpaka washike mbavu, na mkono unaoshika mbavu ndio huohuo ungeingia mfukoni. Mtu alitoa pesa akaona kama ameburudishwa bure.

Kwa hiyo tulipopanga harambee, mimi sikuwa na wasiwasi. Ilikuwa ifanyike Kawangware, kwenye ukumbi wa kanisa la Josphat, ili wafanyabiashara wa sokoni wafike kwa miguu. Josphat alikuwa amempata mgeni wa heshima, mzee mmoja wa Riruta mwenye duka la mbao na mabati, na mzee huyo alikuwa ameahidi jambo kubwa: chochote watu watakachotoa siku hiyo, yeye angetoa kingine kama hicho. Unaelewa maana yake, Felix? Kila mkono uliobaki mfukoni ungetupotezea mara mbili.

Ijumaa jioni tulikutana kwa Susu kumalizia mipango. Josphat akaja amevaa tai. Nilipoiona ile tai ningepaswa kujua.

Akasema harambee hii itakuwa ya kisasa. Akasema mgeni wa heshima ni mtu wa maana, hatuwezi kumpigia kelele za kuku. Angezungumza yeye mwenyewe, kwa utaratibu, aeleze malengo ya kikundi. Achieng alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akauliza polepole, "Sawa, mwenyekiti. Sasa mimi nitafanya nini?"

"Wewe utasimamia chai."

Nikasimama. Sikunyamaza, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nikamwambia, "Josphat, wacha mchezo. Huyu ndiye hutoa watu pesa wakicheka. Wewe kazi yako ni kwenda soko kesho ukumbushe watu, ndio wakuje."

Akanijibu bila hata kuniangalia, "Mama Mwende, kushika maiki si kazi ngumu. Mtu yeyote anaweza."

Wengine walitazama chini. Yeye ndiye mwenyekiti, walidhani anajua. Achieng akasema chai ni sawa tu, hata yeye sauti yake ilikuwa imekauka. Uongo! Sauti yake ilikuwa nzima kama kengele. Alisema hivyo ili tusigombane.

Jumamosi nzima Josphat hakwenda sokoni. Alijifungia chumbani kwake akikariri hotuba. Ndiyo sababu nasema hakutupotezea Achieng peke yake, alitupotezea na Josphat.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulijaa nusu tu. Wenye maduka waliokuwa wameahidi hawakuonekana; hakuna aliyewakumbusha, na mtu wa biashara asipokumbushwa Jumamosi, Jumapili anapumzika. Mgeni wa heshima akaja kwa wakati wake, akakaa mbele na mke wake. Josphat akashika maiki.

Mwanangu, alizungumza. Alizungumza juu ya maono na malengo. Alitushukuru wote kwa majina, halafu akaanza kueleza jinsi yeye alivyoanza maisha. Watoto walilala, kisha mama zao. Kule nyuma, kwenye dirisha la jikoni, Achieng alikuwa akigawa chai kwa watu waliochoka kusikiliza, na hakuweza kujizuia, alikuwa akiwatania. Kicheko kikavuka ukuta kikaingia ukumbini. Nikaona mgeni wa heshima anageuza shingo, anatabasamu, anataka kujua kule kuna nini. Roho yangu ikaruka. Nikasema moyoni, sasa, Josphat, muite! Muite huyo mwanamke!

Josphat alimtuma mtu jikoni akamwambie Achieng anyamaze.

Huo ndio wakati ambao sijawahi kuumeza. Kukosea mpango, hilo ni jambo la binadamu. Lakini alikisikia kile kicheko kwa masikio yake, aliona watu wanavyokigeukia, akachagua kikome kuliko kitoke kwa mwingine. Watu wakatoa kidogo, ile pesa ya kuaga. Mgeni wa heshima akatimiza neno lake, akatoa kidogo kingine kama hicho, akaondoka. Jogoo alikaa kwenye katoni siku nzima, hakuna aliyemwona. Tulichopata hakikutosha hata ukuta mmoja.

Mwezi ulipoisha chumba cha Susu kilibomolewa. Tulisimama hapo tukitazama, na watoto walidhani ni mchezo, wakapiga makofi bati lilipoanguka.

Nikanunua kufuli.

Sitaki kusimulia sana siku hiyo. Nilikuwa nimekwenda kufua mbali. Jirani wa upande wa pili alikuwa na jiko la makaa, pazia likashika moto, na kuta zetu ni zile unazozijua. Majirani walimsikia Mwende. Wakavunja mlango kwa jiwe, wakamtoa kabla moto haujafika ndani, ila moshi ulikuwa umetangulia. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye mapaja ya mwanamke nisiyemjua, nywele zinanuka moshi, na viganja vyake vimechubuka kwa kugonga mlango. Hakulia aliponiona. Alinitazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Kwa muda mrefu baadaye hakusema neno, yeye aliyekuwa akituchosha kwa maneno.

Nilitaka kumwua Josphat. Nakuambia hivyo hivyo, sipambi. Nilizunguka mlango hadi mlango nikawakusanya akina mama, nikawaleta kwenye chumba kidogo alichopanga Susu, na nikasema mbele ya wote kwamba Josphat afukuzwe, jina lake lisitajwe tena, tumchukue Achieng, tuanze kikundi kingine na tusimhitaji mwanamume yeyote mwenye tai. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilijisikia mkubwa.

Susu alikuwa akimpangusa mtoto wa mtu kamasi. Hakuacha. Alisema, "Josphat, ingia, usijifiche hapo nje." Kumbe alikuwa amemwita. Akaingia bila tai, akasimama karibu na mlango.

Susu akaanza na yeye. "Wewe watu walikuwa wanakufungulia mlango kabla hujabisha. Hiyo Mungu alikupa bure. Ukaiacha nyumbani ukaenda kushika ya mwenzako. Sasa yako haikufanya kazi na ya mwenzako haikufanya kazi. Mtoto amevuta moshi juu ya hiyo. Umesikia?"

Josphat akasema amesikia. Nami nikafurahi, nikakunja mikono kifuani.

Kisha Susu akanigeukia mimi. "Na wewe, Mbithe. Unafurahia nini? Achieng akishamaliza kuchekesha watu, nani ataenda kwa hao watu Jumatano kuuliza ile mbao waliahidi iko wapi? Wewe? Wewe utawatukana."

Watu wakacheka, na mimi nikaona uso unawaka. "Susu, mtoto wangu karibu akufe!"

"Najua. Nilimlea mimi. Kasirika, hakuna mtu anakukataza. Lakini Josphat alitoa mtu mmoja tukabomoka, na wewe unataka kutoa mwingine, unaniambia hiyo ndio dawa. Kaa chini."

Nilikaa chini. Si kwa sababu nilikubali, bali kwa sababu Susu alikuwa ameshasema. Nilikubali baadaye sana, usiku nikiwa peke yangu na mtoto asiyeongea.

Tulifanya harambee nyingine, safari hii Kibera, kwenye uwanja ule ule wa kanisa. Josphat hakugusa maiki. Wiki nzima alitembea, Kawangware mpaka Riruta, akasimama kwenye kila duka, akasalimia, akaomba msamaha, akakumbusha. Mzee wa mbao akakubali kurudi na ahadi yake ileile. Sisi tunaofua tulikuwa na ujuzi wetu pia, ambao hakuna aliyewahi kuufikiria: tunawajua watu. Mimi nilikaa karibu na Achieng nikimnong'oneza, yule mwenye kofia binti yake ameolewa juzi, yule mnene hapendi kushindwa na shemeji yake aliye nyuma yake. Achieng akaichukua kila habari akaigeuza kicheko, bila kumwaibisha mtu hata mmoja. Yule mnene na shemeji yake walipandishiana bei mpaka wake zao wakaingilia kati. Mgeni wa heshima mwenyewe alimnunua jogoo, akamrudisha, akamnunua tena kwa sababu Achieng alimwambia kuku amelia kutengana naye. Ikafika mahali Achieng akapungukiwa na pumzi, akampa jogoo kijana mmoja wa kwaya, akasimama pembeni anacheka na machozi. Kabla ya giza tulikuwa na mabati, mbao, misumari, na fundi aliyejitolea.

Unadhani nilifurahi? Wenzangu walicheza. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiwa na Mwende mapajani, na nilikuwa na hasira kuliko siku ya moto. Kwa sababu ilikuwa rahisi! Ilikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo. Watu walikuwa walewale, jogoo alikuwa yuleyule, na kitu pekee kilichobadilika ni kwamba kila mtu aliachwa afanye anachokiweza. Mtoto wangu aligonga mlango mpaka viganja vikachubuka kwa ajili ya kitu rahisi hivyo.

Josphat aliniomba msamaha mara moja, vibaya, akitazama viatu vyake. Nami nilimjibu vibaya. Lakini tulikaa kwenye kamati moja miaka mingi baada ya hapo, yeye akikumbusha watu na mimi nikimwambia wa kukumbushwa, na sikumbuki harambee yetu nyingine iliyoanguka. Sikumpenda. Kumpenda mtu na kufanya naye kazi ni mambo mawili, na hilo pia lijue, maana nimesikia vijana wenu wawili hawasalimiani na mnataka kuwatenganisha. Waache wasisalimiane. Wape kazi.

Mwende sasa ni mama wa mtu. Anaongea, asante Mungu, tena anaongea sana. Lakini mpaka leo halali mlango ukiwa umefungwa. Mume wake analalamika baridi, analalamika usalama, na yeye anasema sawa, sawa, kisha katikati ya usiku anaamka kuufungua. Mkwe wangu aliniuliza mara moja kwa nini. Nilimwambia ni kwa sababu ya hotuba. Alidhani natania.

Kwa hiyo ukiniuliza mbona watu hawachangi, nakujibu. Hawachangi kwa sababu wanatazama uso wako tu na hawasikii kitu. Wewe una kichwa cha mipango. Nimeona jinsi ulivyopata kibali cha uwanja wa kujengea hicho chumba chenu, ambao wakubwa wako walishindwa kuupata. Fanya hiyo. Shiru ana mdomo, mpe azungumze, na akizungumza usimsahihishe mbele za watu. Yule kijana wenu mkimya anayepiga picha, usimlazimishe asimame atoe ushuhuda, anatetemeka na watu wanamhurumia yeye badala ya watoto. Jua kila mmoja anaweza nini, na usijue kwa kukisia, waulize, watazame wakiwa hawajui unawatazama. Kisha uvumilie. Maana itakuuma, Felix, sitakudanganya. Itakuuma kusimama nyuma ya simu ukisikia watu wanamsifu Shiru na hawajui jina lako. Utasikia moyo wako unakuambia hata wewe ungeweza. Siku hiyo ikifika, usifikirie kikundi wala wafadhili. Fikiria mtoto mmoja, mahali fulani Kibera, ambaye mama yake ametoka asubuhi.

Na sasa nimekwisha kukukaripia, niinamishie kichwa. Mungu akupe watu wanaokuzidi, mwanangu. Akupe wengi, akuzungushie pande zote, na akupe moyo wa kuwapenda au, ukishindwa, wa kuwaacha wafanye kazi. Mikono yako isifunge kitu ambacho mwingine angekifungua. Watoto wenu wapate chumba kabla ya mvua. Amina.

Haya, inuka uende. Shiru yuko kwao saa hizi, na bado hujamwomba msamaha.